Njuga za Saa Moja Jioni

Kila tarehe tatu ya mwezi, akishatoka zahanati, Modiri aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wa nyumba ya mama yake, akatandaza gazeti mapajani na kuanza kushona njuga. Njuga za kwetu Mmaphala si za chuma. Ni vifukofuko vya viwavi wa porini, vile vinavyobaki vimeng'ang'ania miti ya miiba. Unakipasua kifukofuko kwa wembe, unatia changarawe mbili tatu, unakishona tena, kisha unavipanga vyote kwenye kamba ndefu ya kujiviringishia kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti. Mchezaji akikanyaga, ardhi inaitika. Modiri alitofautiana na wachezaji wenzake kwa jambo moja tu. Katika vifukofuko thelathini vya mguu wake wa kulia hakutia changarawe. Alitia kidonge kimoja kimoja, cha rangi ya samawati.

Chanzo kilikuwa kikopo. Zahanati ilitoa vidonge vile ndani ya kikopo cheupe cha plastiki, na kikopo kile kilikuwa na mdomo kumshinda mtangazaji wa redio. Ukitembea kinasema, ukisimama kinamalizia. Mmaphala nzima iliujua mlio wake tangu miaka ile ambayo kila Jumamosi ilikuwa ya mazishi. Dawa zilipofika, waliozimeza walipona, wakanenepa, leo wanalea wajukuu, lakini aibu ya ule mlio haikupona. Watu walivishindilia vikopo pamba. Wengine walivivika soksi.

Modiri hakuwa mgonjwa. Alimeza ili asiugue. Alikuwa mwanamume anayependa wanaume, hasa mmoja, na Sista Onalenna wa zahanati alikuwa amemweleza vizuri: mzima anameza kimoja kila siku saa moja jioni, na kirusi kikija kinakuta viti vyote vimekaliwa. Tatizo ni kwamba dirisha la kuchukulia dawa lilikuwa lile lile, na kikopo kile kile. Nani angemsimamisha kila bibi njiani ampe somo la tofauti ya kinga na tiba? Modiri alikuwa na kazi ya kujenga kuta za watu, hakuwa na nafasi hiyo.

Basi akavitia kwenye njuga. Nani atausikia mlio ndani ya mlio? Kila jioni alikata uzi wa kifukofuko kimoja, akameza, akakiacha kitupu ili asipoteze hesabu ya siku. Mpango huo ulikwenda salama mwaka mzima na miezi mitatu.

Uliharibiwa na sikio la mjomba wake. Rra Kelebonye, kaka wa mama yake Modiri, alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma yetu ya phathisi, shemasi wa kanisa, na mwenye ng'ombe sitini na wanne. Angeweza kulala chali kitandani akakwambia ng'ombe gani anachechemea zizini. Ndiye aliyepuliza filimbi, wanawake wakapiga makofi na kuimba, wanaume wakacheza. Naye alikuwa ameanza kugundua kwamba mguu wa kulia wa mpwa wake unalia sana mwanzoni mwa mwezi, unapungua katikati, na kufikia tarehe thelathini umebaki unanong'ona. Mguu wa mtu haupaswi kufuata kalenda. Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, katikati ya mazoezi, alipuliza filimbi ya kusimamisha.

"Wewe. Leta huo mguu."

Modiri akauleta. Mjomba akachomoa kisu cha kuchunia, akapasua kifukofuko kimoja, kikatoka kidonge. Akakiweka kiganjani, watu wote wakakiona.

"Nini hiki?"

"Dawa, Mjomba."

"Ya nini?"

"Ya kinga. Nameza nisije nikaugua."

"Mtu mzima wa afya hamezi dawa."

"Na ng'ombe wako je? Mwezi uliopita umewapanga foleni wote sitini na wanne wakadungwa sindano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakohoa."

Watu wakacheka. Mjomba akasubiri kicheko kiishe.

"Ng'ombe ni ng'ombe," alisema. "Ng'ombe hana majirani."

Halafu akamwambia avue njuga zote mbili. Julai kulikuwa na mashindano ya wilaya kule Molepolole, na Modiri hatacheza. Kikundi hakiwezi kutanguliwa na mtu mwenye ugonjwa ule, tena ugonjwa wenyewe ameupata kwa namna ambayo shemasi hawezi kuitamka mbele ya wanawake. Modiri alisema kwa mara ya pili kwamba haumwi. Hakuna aliyemsikiliza, maana kila mtu alikuwa anakitazama kidonge.

Lazima mjue alichonyang'anywa. Modiri alikuwa amecheza tangu ana miaka saba, na miaka sita hiyo ya mwisho alicheza mbele. Barabarani walimwita mke wa daktari wa ng'ombe. Dukani walimwita majina mengine. Uwanjani, akishafunga njuga, hakuna aliyewahi kumwita kitu, kwa sababu midomo yote ilikuwa na kazi ya kupiga vigelegele. Palikuwa mahali pake pekee, na sasa pamefungwa. Alikwenda nyumbani miguu mitupu akilia, wala hakujificha.

Mjomba alikirudisha kidonge ndani ya kifukofuko, akazibeba njuga kwenda nazo kwake, akazitundika kwenye msumari sebuleni ziwe ushahidi. Mguu wa kulia ulikuwa na vidonge kumi na tisa.

Saa moja jioni njuga zikaanza kulia msumarini. Zilianza polepole, kama mtu anayepasha viungo, kisha zikashika mdundo wa phathisi, ule wa kuingilia uwanjani. Rra Kelebonye na mkewe walikuwa mezani wanakula ugali wa mtama na nyama ya kuponda.

"Zimeanza," alisema Mma Kelebonye.

"Funga dirisha," alisema mumewe.

Mkewe akafunga dirisha. Alipoketi, chumbani kukasikika mlio mwingine, mwembamba, ukiitikia. Ulitoka ndani ya kiatu cheusi cha kulia, kile ambacho Rra Kelebonye alikivaa kanisani tu na ambacho hakuruhusu mtu mwingine akipake rangi. Mma Kelebonye akatazama sahani yake. Dakika moja haikupita, jikoni, ndani ya debe la unga, kitu cha tatu kikalia. Sasa mume akatazama sahani yake. Njuga ziliita, kiatu kikajibu, debe likadakia. Wakaendelea kula. Nyama ya siku ile ilikuwa imeiva vizuri, na mume alimwambia mkewe hivyo.

Wakati huo huo Modiri alikuwa kwa Tshiamo. Tshiamo ndiye huyo daktari wa ng'ombe, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa mchanjaji tu wa idara ya mifugo, na aliishi chumba kimoja kando ya kizimba cha kuchanjia. Kijijini walisema ni rafiki yake Modiri, na walilitamka neno rafiki kama watu wanaotema mwiba wa samaki. Modiri alikuwa amekuja kumweleza habari ya mashindano. Habari ya vidonge hakutaka kuieleza, na alikuwa na sababu.

Ijumaa moja walikuwa wamekwenda mjini kwa kinyozi mmoja ambaye wanaume wa aina yao hukusanyika kwake kunyolewa na kusengenya. Mmoja akasema, "Mimi mtu wangu akinitolea kile kikopo, navaa viatu naondoka. Mna watu wawili ndani ya nyumba, kinga ya nini? Hiyo ya wenye njia nyingi, mama!" Walicheka wote. Modiri alicheka kuliko wote, huku vidonge kumi na viwili vikimsubiri nyumbani kwenye kamba. Tshiamo naye alicheka mpaka akashika meza.

Kwa hiyo Modiri aliketi kitandani akitafuta pa kuanzia, na ndipo ilipofika saa moja. Lile sanduku la baridi la kubebea chanjo za ng'ombe, lililokuwa pembeni mwa mlango, likaanza kulia.

Tshiamo akainuka, akaenda akalikalia.

"Chanjo," alisema.

"Chanjo zina mdundo?"

"Za mwaka huu zina mdundo."

Sanduku likampiga matakoni kwa mwendo wa phathisi. Modiri aliusikiliza ule mlio. Mtu aliyeuficha mlio huo mwaka mzima na miezi mitatu anaujua hata akiwa usingizini.

"Tshiamo, inuka."

"Siinuki."

"Vya rangi ya samawati?"

Tshiamo akalibana sanduku kwa magoti. Halafu akasema, bila kuinuka, "Ningekwambia. Ila ungeona sikuamini. Au ungeona natembea na wengine. Na siku ile kwa kinyozi ulicheka sana wewe."

"Nilicheka ili nisionekane sicheki."

"Mimi je? Unadhani nilishika meza kwa sababu ya nini?"

Hapo wakacheka kicheko chao wenyewe, kirefu, mpaka ng'ombe waliokuwa kizimbani wakageuza vichwa. Tshiamo akafungua sanduku. Kikopo kilikuwa chini kabisa, ndani ya soksi mbili, kikirukaruka. Alipokitoa tu na kukiweka mezani penye taa, kikanyamaza. Modiri akaeleza habari yake yote, njuga, kisu na msumari, na kwamba usiku huo hana cha kumeza. Tshiamo akafungua kikopo, akampa kimoja cha kwake, naye akachukua kimoja, wakameza kwa maji ya kikombe kimoja. Walikuwa wamependana miaka minne, na hiyo ndiyo jioni waliyoikumbuka baadaye kuliko zote.

Kijiji kizima kililia jioni ile. Kinanda cha mchungaji kililia kikiwa kimefunikwa. Kofia ya polisi ililia juu ya kabati. Mganga, ambaye kila mkutano alisimama kusema vidonge vya serikali ni chaki, alitoka nje kukikemea chungu chake cha mizizi mbele ya wageni. Mimi mwenyewe sitasema kilicholia ndani ya gunia langu la kunde. Dakika kumi baadaye kukatulia, watu wakaenda kulala, na kesho yake saa moja ikawa vile vile.

Jumatatu Sista Onalenna alieleza jambo hilo pale dirishani, huku anagawa dawa. Dawa ikiwekwa mezani inanyamaza, alisema. Ikifichwa inaita. Na inaita saa moja jioni kwa sababu ndiyo saa aliyowaambia wote wameze, iwe dawa ya kinga au ya tiba, au ya presha iliyofichwa mke asijue. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana lilikuwa jambo la kueleweka, wakasogeza foleni. Siku hiyo Modiri alipewa kikopo kipya. Jioni yeye na Tshiamo waliviweka vikopo vyao viwili kwenye dirisha la Tshiamo linalotazama barabara, kando kwa kando, na vikopo hivyo havikulia tena.

Lakini kwingine kelele zilizidi. Ikabidi chifu aitishe mkutano wa kijiji. Tulikuja na viti vyetu asubuhi na mapema, tumejifunika mablanketi kwa baridi ya Juni. Chifu akasema tatizo linajulikana, anaomba maoni. Sista Onalenna akasimama. Akasema dawa ya tatizo ni nyepesi: kila mwenye kikopo akakiweke mezani kwake leo, na saa moja kijiji kitakuwa kimya.

Watu wakaanza kurekebisha mablanketi yao. Hatimaye mzee mmoja wa ukoo wa chifu akainuka kwa fimbo yake. "Hoja ya Sista ni nzuri sana," alisema, "na tunamshukuru." Kwetu maneno hayo yana maana kwamba hoja imekwisha kuzikwa.

Ndipo akasimama Mma Modiri, mama yake Modiri. Mama huyu ndiye aliyeongoza wanawake kupiga makofi katika kikundi, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama kwato. Tangu Jumamosi ile hakuwa amesema neno na kaka yake.

"Kama hatutaki kusikika," alisema, "basi tupige kelele zaidi. Kila siku saa moja, kijiji kizima kije uwanjani kicheze phathisi. Kila mtu aje na vitu vyake mfukoni. Kwenye mchakacho wa miguu mia tatu, nani atajua cha nani?"

Hoja hiyo ilipita kabla hajaketi. Hata mganga aliinua mikono yote miwili.

"Bado sijakaa," alisema Mma Modiri. "Wa mbele atakuwa mwanangu, huku kijijini na huko Molepolole. Asipocheza yeye mimi sipigi makofi. Na nisipopiga mimi, nione ni nani wa hawa dada zangu atakayepiga."

Wanawake waliokuwa wameketi nyuma yake wakaficha mikono ndani ya mablanketi, wote kwa pamoja. Watu wakamgeukia Rra Kelebonye. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani kwa heshima ya mkutano, naye alikuwa anajua vizuri itakapofika saa moja atahitaji makofi ya dada yake kuliko alivyowahi kuhitaji kitu.

"Atacheza," alisema. "Lakini tuwe na akili. Mgonjwa ni mgonjwa. Kikombe chake kiwe cha peke yake."

Watu wakaona huo ni uamuzi wa haki. Siku hiyo hiyo kikombe cha bati kikapakwa rangi nyekundu kwenye mkono, kikawekwa pamoja na vyombo vya kikundi. Modiri alikitazama. Kiliuma, asiwadanganye mtu. Kisha akamwomba mjomba wake njuga zake.

Mkitaka kuijua furaha, mngekuja Mmaphala majira yale. Ilikuwa baridi ya kukata masikio, majiko ya mkaa yamepangwa kuzunguka uwanja, vumbi jekundu linapanda mpaka kwenye taa ya barabarani. Wazee ambao hawakuwa wamecheza tangu bendera ya kwanza ipandishwe walikuja na makoti yao mazito, na makoti yalikuwa yanalia. Polisi alicheza na kofia yake. Mchungaji, ambaye hakuweza kubeba kinanda, alikuja na mkoba. Mma Kelebonye alikuja amebeba debe la unga kichwani na kusema anatoka kusaga, kila siku anatoka kusaga. Watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mipaka ya mashamba walishikana mabega. Mbele ya wote alikuwa Modiri, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, anakanyaga, anageuka, anachuchumaa na kuruka, na vigelegele vinamfuata. Watoto walilala vizuri kwa uchovu, na mbwa waliacha kubweka saa hizo.

Haikupita wiki, wanaume wakaanza kuja mmoja mmoja kwenye kizingiti cha nyuma cha Mma Modiri. Kila mmoja alikuwa na rafiki.

"Nina rafiki yangu," alisema polisi, "anataka njuga zenye nafasi ndani. Thelathini."

"Rafiki yako ana mguu wa namba ngapi?"

"Kama huu wangu."

Modiri alipima, akashona. Alimshonea rafiki yake mchungaji, rafiki yake mganga, na marafiki wa nusu ya kikundi. Wengine walikuwa wa vidonge vya samawati kama yeye, na wawili kati yao walikuwa miongoni mwa waliomwita mke wa daktari. Hakuwauliza kitu. Alifunga uzi kwa fundo dogo linalofunguka kirahisi, akawaeleza wasitie changarawe kwenye kilichomalizwa, la sivyo watapoteza hesabu. Miguu yake yeye, kwa sababu kikopo chake kilikuwa dirishani, ilibaki na changarawe tupu kama ya babu zake. Mjomba alisema sauti ya kikundi haijawahi kuwa nzuri namna ile. Alisema hajui kwa nini.

Julai tukaenda Molepolole kwa lori la ng'ombe la Rra Kelebonye. Dereva alikuwa Tshiamo, kwa sababu macho ya mjomba hayakuwa mazuri tena barabarani, na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na leseni ya lori. Mjomba aliketi mbele naye njia nzima wakizungumzia kupe.

Vikundi vilikuwa vingi, ratiba ikachelewa, na zamu yetu ikaangukia saa moja kasorobo. Mma Modiri akapiga kofi la kwanza. Modiri akaingia. Nimeona watu wengi wakicheza, lakini siku ile mtu yule alicheza kama aliyerudishiwa nyumba yake na funguo zote. Nyuma yake kikundi kikafuata kwa mlio ambao Molepolole haikuwahi kuusikia, na dakika kumi na tano baadaye, saa moja ilipogonga, uwanja ukajibu.

Mikoba ililia majukwaani. Makoti yakalia. Kikapu cha muuza maandazi kikalia, na ngoma ya kikundi cha kijiji jirani ikalia bila kupigwa. Kwenye meza ya waamuzi, jaji wa kwanza alimtazama wa pili, wa pili akamtazama wa tatu, na mifuko yao yote mitatu ikaitika kwa pamoja. Jaji wa kwanza alikuwa mtu mwenye busara. Alisimama akaanza kucheza. Hapo watu wote wakainuka, maana hakuna aliyetaka kubaki ameketi peke yake na koti linaloimba. Uwanja mzima ulicheza phathisi, wenye mahema, wenye magari, askari wa lango, na mgeni rasmi na mlinzi wake. Kwenye karatasi ya alama jaji aliandika: mlio safi. Kombe likawa letu.

Tulirudi tukiimba. Lori liliposimama Mmaphala kijiji kilikuwa bado macho, na Mma Kelebonye alikuwa ametengeneza pipa zima la kinywaji cha tangawizi. Kikamiminwa ndani ya kombe, na kombe likaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Rra Kelebonye alikunywa, akampa mchungaji. Mchungaji akampa polisi, polisi akampa mganga, na hivyo hivyo wachezaji wote wakanywa na kufuta midomo. Lilipofika kwa Modiri, mjomba akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mpwa wake, akalichukua. Akatia mkono katika mfuko wa plastiki aliokuwa ameubeba kwenda na kurudi, akatoa kile kikombe cha mkono mwekundu. Alikuwa amekibeba mpaka Molepolole ili kisije kikasahaulika. Akamimina humo, kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone, akampa mpwa wake kwa mikono miwili.

"Umetuletea heshima, mwanangu," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

Modiri akanywa. Tangawizi ilikuwa kali na tamu. Tshiamo akaruka kutoka kwenye lori, akakichukua kikombe kile mkononi mwa Modiri, akanywa kilichobaki, akalamba ukingo. Watu wakageuka upande mwingine, kisha wakageuka tena, kwa sababu wimbo ulikuwa unaendelea.

Ni hivyo mpaka leo. Kombe liko ofisini kwa chifu. Kikombe kipo pia, rangi ilipobanduka walikipaka upya. Saa moja jioni Mmaphala nzima inalia, isipokuwa dirisha moja kando ya kizimba cha kuchanjia, na kwa sababu vikopo vya dirisha lile vinaonekana na kila apitaye, watu huvihesabu vyote kuwa vya Modiri na kumwonea huruma. Wanasema maskini, kijiji kizima hiki mgonjwa ni yeye tu.

Juzi nilisimama karibu na mstari wa mbele wakati tunasubiri saa. Rra Kelebonye alikuwa na filimbi shingoni na viatu vyake vyeusi miguuni.

"Afya yako je, mwanangu?" alimuuliza mpwa wake, kwa sauti ile ya kuulizia wagonjwa. "Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, Mjomba," alisema Modiri, na kweli alikuwa anaendelea vizuri sana. "Na kiatu je?"

Mjomba akatazama chini. Kiatu cha kulia kilikuwa kimeanza.

"Kinanibana kidogo," alisema, akapuliza filimbi, na wote tukakanyaga.